Umebofya "Hifadhi": Faili Lako Liko Wapi Nusu Dakika Inayofuata?

Katika steshenari nyingi za miji yetu jambo hili hutokea kila siku. Mteja analeta flashi, mhudumu ananakili faili, dirisha la kunakili linajifunga, flashi inachomolewa na mteja anakwenda zake. Akifika anakokwenda, faili halifunguki, au jina lipo lakini ukubwa ni baiti 0. Lawama zinaangukia flashi, au virusi. Kumbe huenda flashi ni nzima na virusi hawakuwepo: taa yake ilikuwa bado inamemeta wakati inachomolewa, kwa sababu data ilikuwa haijamaliza kuingia.

Kwa muda huo data ilikuwa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, mikononi mwa kerneli, ile programu kuu iliyo katikati ya mfumo endeshi na inayosimamia kumbukumbu, diski na vifaa vingine vyote. Nitaeleza kazi hiyo kwa kutumia kerneli ya Linux. Ndiyo iliyo ndani ya simu za Android na seva nyingi tunazozitegemea, na mtu yeyote anaweza kuitazama ikifanya kazi bila kununua kitu.

Programu ikitaka kuandika kwenye faili, hupeleka ombi kwa kerneli kupitia wito uitwao write. Kerneli huzipokea baiti zile, huzinakili kwenye eneo la RAM liitwalo kache ya kurasa, kisha hujibu papo hapo kwamba imepokea. Jibu hilo ni la kweli, ila halisemi lolote kuhusu diski. Kache hiyo imegawanywa katika kurasa, na kwenye kompyuta nyingi za kawaida kila ukurasa una baiti 4096. Ukurasa uliobadilishwa ambao bado haujafika diskini huwekewa alama, na mafundi huuita ukurasa mchafu. Ukishaandikwa diskini unahesabiwa kuwa safi, lakini unaweza kuendelea kukaa kwenye RAM ili anayetaka kuusoma tena aupate upesi.

Kwa nini kerneli isiandike moja kwa moja? Sababu ni kasi. Diski ya sahani inayozunguka mara 7200 kwa dakika huchukua takriban milisekunde 8.3 kumaliza mzunguko mmoja, na kichwa chake lazima kisubiri sehemu inayotakiwa ipite chini yake. RAM hujibu kwa muda unaopimwa kwa nanosekunde. Kama kila herufi unayohifadhi ingelazimika kusubiri sahani izunguke, kompyuta ingekwama mbele ya macho yako. Diski za SSD hazina sahani, lakini zina shida yake: seli zake hufutwa kwa mafungu makubwa na huchakaa kila zinapofutwa, hivyo kuandika vipande vidogo vidogo mara kwa mara huzila. Kerneli hufanya kama daladala kituoni: haiondoki na abiria mmoja, lakini pia haikai pale mpaka jioni. Ukurasa uliobadilishwa mara hamsini ndani ya sekunde kumi huandikwa mara moja tu, ukiwa katika hali yake ya mwisho. Faili la muda lililoundwa na kufutwa haraka huenda lisiguse diski kabisa. Na kurasa zinazopakana diskini huandikwa kwa mkupuo mmoja.

Safari yenyewe huanza kwa sababu kadhaa, na mbili ndizo za kila siku. Ya kwanza ni muda. Kwa mipangilio ya kawaida ya Linux, kerneli huamka kila baada ya sekunde 5 na kutafuta kurasa zilizokuwa chafu kwa zaidi ya sekunde 30. Zilizopita umri huo husukumwa diskini. Ukijumlisha, data uliyoandika sasa hivi inaweza kukaa kwenye RAM hadi sekunde 35 hivi kabla hata ya kuanza safari, na baada ya hapo kuna muda wa kuandika kwenyewe.

Ya pili ni wingi. Kurasa chafu zikizidi asilimia 10 ya kumbukumbu inayopatikana, kerneli huanza kuziandika kimyakimya huku programu zikiendelea na kazi. Zikielekea asilimia 20, upole unaisha: programu inayoandika husimamishwa kidogo kila mara ili isiitangulie diski. Kwa kweli kubanwa huko huanza zikifika katikati ya viwango hivyo viwili, na huongezeka taratibu. Utaratibu huu haukuzaliwa ukiwa kamili. Zamani kulikuwa na kundi moja la michakato ya kerneli, pdflush, lililohudumia diski zote, na kifaa kimoja kizito kiliweza kuvichelewesha vingine. Katika toleo la 2.6.32 la kerneli ya Linux, mwishoni mwa 2009, kazi ya mwendelezaji Jens Axboe ilikipa kila kifaa mchakato wake wa kusukuma data. Toleo la 3.2, lililotoka Januari 2012, likaleta kazi ya mwendelezaji mwingine, Wu Fengguang: programu inayoandika kwa pupa inalazwa kwa muda uliopigiwa hesabu, badala ya kulazimishwa yenyewe kwenda kuandika kurasa diskini.

Zaidi ya hayo, kerneli huandika pia pale RAM inapopungua, na pale inapoombwa waziwazi. Hilo la kuombwa nitalirudia, maana ndilo lenye uzito kuliko yote.

Ukiwa na kompyuta ya Linux unaweza kuyaona haya sasa hivi. Fungua dirisha la amri na uandike:

watch -n1 "grep -E 'Dirty|Writeback:' /proc/meminfo"

Kwenye dirisha jingine, nakili faili kubwa, tuseme la gigabaiti moja. Mstari wa Dirty, yaani kurasa chafu, utapanda kwa kasi na kufikia mamia ya maelfu ya kilobaiti. Amri ya kunakili itamaliza na kukurudishia kishale, huku Dirty ikiwa bado juu. Sasa andika sync na ubonyeze Enter. Mstari wa Writeback utaamka, Dirty itashuka, na amri ya sync haitarudi mpaka kazi iishe. Muda ule ambao kunakili "kumekwisha" huku Dirty ikiwa bado juu ndio muda wa hatari. Wanafunzi wa fani hii wafanye zoezi hili kabla ya kufungua kitabu chochote cha nadharia.

Tupige hesabu ya steshenari. Kompyuta ina gigabaiti 6 za kumbukumbu inayopatikana. Asilimia 10 yake ni megabaiti 600. Mhudumu ananakili video ya megabaiti 600 kwenye flashi inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde. RAM inaweza kuimeza video yote kwa sekunde chache na dirisha likajifunga, huku flashi ikihitaji dakika nzima kuipokea. Ukiongeza kwamba flashi nyingi hutumia mifumo ya kupanga mafaili ya FAT32 au exFAT, ambayo haina jarida la kumbukumbu za mabadiliko, kuchomoa katikati kunaweza kuharibu hata orodha ya mafaili yaliyokuwemo tangu mwaka jana. Windows, kuanzia toleo la 1809 la Windows 10, huweka vifaa vya USB kwenye hali ya kutokusanya data kwenye kache, ili kupunguza hatari hii. Hata hivyo taa ikimemeta, data inaandikwa, na kuchomoa hapo ni kubahatisha.

Kuna jambo ambalo hata waandaaji wa programu hulichanganya. Programu ikifa ghafla, kwa mfano ikiuawa kwa amri ya kill -9, data ambayo kerneli ilishaipokea haipotei. Iko kwenye kache ya kurasa, na kerneli itaifikisha diskini kwa wakati wake. Kinachopotea ni kile kilichokuwa bado kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda ya programu yenyewe, kabla ya kukabidhiwa. Lakini umeme ukikatika, au kerneli yenyewe ikianguka, kurasa zote chafu zinatoweka pamoja na RAM. Kwa hiyo kuiua programu na kuiwasha tena hakuthibitishi kwamba mfumo wako unahimili kukatika kwa umeme. Anayetaka kujua hilo achomoe waya wa umeme kwenye mashine ya majaribio wakati inaandika, kisha akague kilichobaki.

Ombi la wazi nililolitaja huitwa fsync. Programu ikiita fsync kwa faili fulani, kerneli huandika kurasa zote chafu za faili hilo pamoja na taarifa zake, kama vile ukubwa, na haijibu mpaka diski ikiri. Kuna pia fdatasync, inayoruka taarifa zisizohitajika ili kuisoma data, mfano saa ya mabadiliko. Na hapo chini bado kuna tabaka jingine: diski yenyewe ina kumbukumbu yake ndogo ambamo huweka data kabla ya kuiandika mahali pa kudumu. Ndiyo maana Linux, katika fsync, huiamuru diski imwage kache hiyo pia. Kwenye macOS, fsync ya kawaida huishia kuikabidhi diski data. Anayetaka diski imwage kache yake lazima atumie ombi tofauti, F_FULLFSYNC. SSD bora za seva hubeba kapasita zenye umeme wa kutosha kumalizia kuandika baada ya umeme kukatika, na hiyo ni moja ya sababu za bei yake kuwa juu.

Fsync inagharimu muda, na waandishi wa programu huikwepa. Mwaka 2009 gharama ya kuikwepa ilionekana wazi. Ext3, mfumo wa kupanga mafaili diskini uliotumika kwenye Linux, ulikuwa, kwa jinsi ulivyojengwa, unaandika data ya faili kabla ya kulithibitisha badiliko lake kwenye jarida, na jarida hilo lilifungwa kila sekunde 5. Watu wakazoea usalama ambao hakuna aliyewaahidi. Mrithi wake, ext4, ilipokuja ilichelewesha hata uamuzi wa wapi diskini data iwekwe, ili ipange vizuri zaidi. Matokeo yake, jina jipya la faili liliweza kufika diskini mapema na yaliyomo yakabaki nyuma kwenye RAM. Watumiaji wa toleo la majaribio la Ubuntu, mfumo endeshi wa Linux, kompyuta zao zilipoanguka na wakaziwasha tena, walikuta mafaili yao ya mipangilio yana baiti 0. Theodore Ts'o, msimamizi wa ext4, alieleza kwamba programu zilipaswa kuita fsync, na hapo hapo akaongeza kinga kwenye ext4, iliyoingia katika toleo la 2.6.30 la kerneli, kwa ajili ya programu zinazobadilisha faili kwa kulipa jina jipya. Naona alifanya sawa kwa yote mawili: kanuni ilikuwa upande wake, lakini mtumiaji wa kawaida hawezi kuadhibiwa kwa kosa la mwandishi wa programu.

Kisa cha pili kinanitia wasiwasi zaidi, kwa sababu kiliwakuta mabingwa. Mwaka 2018 waendelezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL waligundua kwamba wameielewa fsync vibaya kwa miaka mingi. Waliamini kwamba fsync ikirudisha kosa, wanaweza kuiita tena. Linux haifanyi hivyo. Kerneli ikishindwa kuandika ukurasa kwa sababu diski imekataa, inaweza kuuhesabu kuwa safi hata hivyo, kwa kuwa kurasa zisizoandikika zikirundikana zingejaza RAM yote. Kosa hutolewa taarifa mara moja. Ukiita fsync mara ya pili, hakuna tena kurasa chafu za kuandika, kwa hiyo jibu ni "imefaulu", na data haipo. Toleo la 4.13 la kerneli ya Linux, la 2017, lilikuwa limeboresha namna kosa linavyowafikia wote waliofungua faili, ila halikugusa tatizo la kurudia. Februari 2019 PostgreSQL ilibadilisha mwenendo: fsync ikishindwa, hifadhidata inajizima kwa makusudi, kisha inajijenga upya kutoka kwenye jarida lake.

Nawaomba wanaoandika mifumo ya SACCOS, zahanati na shule zetu, ambako umeme hukatika bila taarifa, wakisome kisa hicho kwa makini. Msiandike juu ya faili lililopo. Andikeni faili jipya pembeni, liitieni fsync, lipeni jina la faili la zamani kwa rename, kisha itieni fsync folda lililomo. Kagueni jibu la kila wito. Mkitumia hifadhidata ya SQLite, msizime mpangilio wake wa synchronous, unaoifanya iite fsync, ili kupata kasi kwenye daftari la fedha za watu. Na stakabadhi isichapwe kabla fsync haijarudi salama.

Kwa mtumiaji wa kawaida, tumia kitufe cha kutoa kifaa kwa usalama, subiri taa itulie, na kompyuta ya mezani ya ofisi iwekewe UPS, kifaa chenye betri ya akiba. Hata ndogo inayodumu dakika tano inatosha kuzima mashine kwa utaratibu, na kompyuta ikizimwa kwa utaratibu, kerneli humwaga kurasa zote chafu.

Wasimamizi wa mashine za Linux zenye RAM kubwa na vifaa vya polepole wanaweza kupunguza mrundikano kwa kuweka kiwango cha baiti badala ya asilimia: vm.dirty_background_bytes na vm.dirty_bytes. Kwenye mashine ya kunakilia flashi, megabaiti 16 na 48 ni mahali pazuri pa kuanzia. Dirisha la kunakili litachelewa kujifunga, na muda linaouonyesha utakaribia muda halisi wa flashi. Ukishaweka baiti, usishangae kukuta vile viwango vya asilimia vikisomeka 0. Kerneli hufuata kimoja kati ya viwili, kile ulichokiandika mwisho.