Mtihani wa NAB: leseni ya kusimamia nyumba ya wazee Marekani

NAB ni mtihani wa taifa ambao mtu lazima aufaulu kabla ya kupewa leseni ya kusimamia nyumba ya wazee nchini Marekani. Herufi hizo ni kifupi cha jina la chama kinachounganisha bodi za majimbo zinazotoa leseni, ila watu wameshauzoea mtihani wenyewe kwa jina hilohilo. Msimamizi anayezungumziwa hapa si daktari wala muuguzi mkuu. Ni yule anayewajibika kwa kila kitu: mishahara, chakula, vidonda vya kulalia, mlango wa dharura uliokwama, na binti wa mzee anayepiga simu saa nne usiku kwa hasira.

Waswahili wengi wanaoufikiria mtihani huu wanatokea upande wa matunzo. Walianza kama CNA (wasaidizi wa wauguzi wenye cheti), wakaogesha na kulisha wazee kwa miaka, wengine wakapanda hadi LPN (muuguzi wa ngazi ya chini) au RN (muuguzi aliyesajiliwa, ngazi ya juu), na sasa wanatazama kiti cha ofisini. Ninawaandikia hasa hao, maana uzoefu wao ni mtaji na ni mtego vilevile.

Kwanza, leseni yenyewe imetoka wapi. Mwaka 1965 serikali ya Marekani ilianzisha Medicare, bima ya afya ya wazee, na Medicaid, ya wenye kipato kidogo, na ghafla fedha za umma zikaanza kumiminika kwenye nyumba za wazee ambazo yeyote mwenye jengo angeweza kuziendesha. Mwaka 1967 Bunge likarekebisha Sheria ya Hifadhi ya Jamii: jimbo linalotaka fedha za Medicaid liwe na utaratibu wa kuwapa leseni wasimamizi, na utaratibu huo uwe tayari kufikia Julai 1970. Miezi michache kabla ya tarehe hiyo, Januari 1970, nyumba ya Harmar House huko Marietta, Ohio, iliungua, wakafa wazee zaidi ya 30. Moshi wa zulia ulilaumiwa sana. Kwa hiyo ukikutana na swali kuhusu mazulia, milango ya kuzuia moshi au mazoezi ya kuzima moto, usidhani mtunzi alikosa la kuuliza.

Siku hizi mtihani una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya msingi, inayowahusu pia wasimamizi wa makazi ya wazee wanaojiweza na wa huduma za majumbani. Ya pili ni ya nyumba ya wazee peke yake. Zote ni maswali ya kuchagua jibu, na ndani yake yamo mengine yasiyohesabiwa, yanayofanyiwa majaribio tu, lakini huwezi kuyatambua. Alama ya kufaulu ni 113. Hiyo si asilimia wala si idadi ya majibu sahihi. Alama hugeuzwa kuwa kipimo kimoja ili aliyepata mtihani mgumu kidogo asionewe. Ukishinda sehemu moja na kuanguka nyingine, unarudia ile uliyoanguka.

Sasa tuuone mtego wenyewe. Chukua swali kama hili nililolitunga kwa mtindo wao. Saa tatu usiku CNA anamwambia nesi wa zamu kwamba amemwona mwenzake akimpiga bibi kofi. Nesi anakupigia simu nyumbani. Utafanya nini kwanza? Majibu ni manne: kumwita mtuhumiwa kesho asubuhi umsikilize, kuwapigia simu jamaa za bibi, kumwondoa mtuhumiwa kwenye zamu na kuhakikisha bibi yuko salama, kuiarifu idara ya jimbo.

Wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba mtu hahukumiwi kabla ya kusikilizwa, basi mkono unakwenda wenyewe kwenye jibu la kwanza. Aliyekaa na wazee miaka mingi naye anawaza jamaa, anachagua la pili. Jibu ni la tatu. La nne linafuata mara moja, kwa sababu kanuni inataka tuhuma za unyanyasaji ziripotiwe ndani ya saa 2, na matokeo ya uchunguzi ndani ya siku 5 za kazi. Kumwondoa mtu kwenye zamu si kumtia hatiani; uchunguzi ndio utakaosema. Yote manne ni mambo yanayofaa kufanywa, lakini neno lililobeba swali ni "kwanza". Mtihani mzima umejaa maswali ya namna hii, na unapima kama unawaza kama mwenye dhamana ya nyumba nzima au kama mtu wa zamu moja.

Mtego wa pili ni mazoea ya kazini. Nyumba unayofanyia kazi inaweza kuwa na desturi kali kuliko sheria, au legevu, au ya kwao tu. NAB inauliza kanuni za serikali kuu, zile zilizomo katika juzuu ya 42, sehemu ya 483, ya mkusanyo wa kanuni hizo (42 CFR 483). Ukijibu kwa "kwetu huwa tunafanya hivi", umekwisha. Mpango wa awali wa matunzo unatakiwa ndani ya saa 48 tangu mkaazi aingie. Tathmini kamili ndani ya siku 14, kisha mpango kamili ndani ya siku 7 baada ya tathmini kukamilika. Kati ya chakula cha jioni na kifungua kinywa zisipite saa 14, isipokuwa wakaazi wamekubali na wanapewa kitafunio cha kushibisha usiku. Hapo zinaweza kufika 16. RN awepo saa 8 mfululizo kila siku, siku zote saba. Nyumba yenye vitanda zaidi ya 120 iajiri mtaalamu wa ustawi wa jamii wa muda wote. Tarakimu hizi hazina ujanja, ni za kukariri tu, na aliyepitia madrasa au darasa la saba anajua namna ya kukariri.

Upande wa fedha ndio unaowatisha watu wa matunzo, na kwa maoni yangu unawatisha bure. Hesabu ni za kugawanya na kuzidisha. Nyumba ya vitanda 100 yenye wakaazi 90 imejaa kwa asilimia 90. Siku hiyo wauguzi na CNA wakifanya jumla ya saa 315, gawanya kwa 90: kila mkaazi amepata saa 3.5. Kigumu zaidi ni kujua nani analipa. Sehemu A ya Medicare hulipia hadi siku 100 za matunzo ya kitaalamu. 20 za mwanzo zote, kisha mgonjwa anachangia kila siku. Kwa kawaida sharti lake ni kuwa amelazwa hospitali siku 3 mfululizo. Na hapo pana shimo: mzee anaweza kulala hospitali siku tatu akiwa "chini ya uangalizi" tu, hajaandikishwa kuwa amelazwa. Siku hizo hazihesabiwi. Familia nyingi zimeigundua kanuni hii baada ya kupokea bili.

Ukaguzi nao usiupuuze. Nyumba haipiti miezi 15 bila wakaguzi kuingia bila taarifa, na kila kosa wanalolikuta hupewa herufi kuanzia A hadi L, kwa ukubwa wa madhara na idadi ya walioguswa. J, K na L ni hatari ya papo kwa papo. Ukizielewa herufi hizo, sheria nyingine zinajipanga zenyewe kichwani.

Kujiandaa, basi: soma kanuni zenyewe kabla ya vitabu vya maswali, kisha fanya maswali mengi huku ukijipimia muda, na kila unapokosea tafuta kifungu kilichokupinga. Kipindi cha mafunzo chini ya msimamizi mwenye leseni, ambacho California kwa mfano kinaweza kuwa saa 1,000, usikimalizie katika idara uliyoizoea. Omba ukae jikoni, stoo, na kwa mhasibu. Muuguzi anayejua bei ya chakula cha mkaazi mmoja kwa siku yuko mbele ya wenzake.

Ukifaulu NAB bado hujapata leseni. Anayeitoa ni jimbo, na baadhi ya majimbo, California ikiwemo, yana mtihani wao wa sheria za kwao. Leseni ya jimbo moja haikuruhusu kusimamia nyumba katika jimbo jingine; ukihama unaomba upya, ingawa alama zako za NAB unakwenda nazo. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada yoyote, andikia bodi ya jimbo unalotaka kufanyia kazi, uulize wanataka shahada gani na saa ngapi za mafunzo. Miaka ya CNA, hata iwe mingi kiasi gani, kwa kawaida haihesabiwi badala ya hizo.