Dawa ya Maumivu Haingoji Kilio

Wiki moja baada ya kumkabidhi binti wa mgonjwa wetu chupa ya mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, nilirudi nyumbani kwao nikaikuta imejaa hadi shingoni. Ilikuwa juu ya kabati, imefungwa kwenye leso, nyuma ya picha ya harusi. Mama yake, mwenye saratani ya mlango wa kizazi, alikuwa amelala ubavu, magoti yamegusa tumbo, ameuma ncha ya kanga. "Naitunza, sista," binti akaniambia. "Siku maumivu yakizidi ndiyo nitampa." Aliyasema kwa mapenzi matupu, ila hakujua kwamba yalikwisha kuzidi.

Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, huduma ya kumtuliza mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi, pamoja na wanaomuuguza. Sisi hupita mara moja kwa wiki, pengine mbili. Saa nyingine zote dawa iko mikononi mwa binti, mke, mjukuu, au jirani mwenye moyo. Ninaandika kwa ajili yao.

Tuanze na hofu ya mofini, kwa sababu ndiyo iliyoiweka chupa ile nyuma ya picha. Watu husema ni dawa ya kukatia roho. Hofu hiyo ina chanzo: kwa miaka mingi mgonjwa alipewa mofini akiwa amebakiza siku chache tu, basi watu wakaviona viwili hivyo, mofini na kifo, vikiingia mlango mmoja. Lakini ikitolewa kwa dozi iliyopimwa na kupandishwa taratibu, mofini haimharakishi mtu kufa. Wapo wanaoinywa miezi kadhaa huku wakisuka mikeka na kusimamia biashara zao za mlangoni. Wala mgonjwa mwenye maumivu hageuki teja. Mwili wake huizoea dawa, kwa hiyo haiachwi ghafla, bali hupunguzwa kidogo kidogo kwa ushauri wa mhudumu. Hilo ni tofauti kabisa na uteja.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutibu maumivu ya saratani mwaka 1986, na misingi yake bado ndiyo tunayofundishia: dawa ipite mdomoni kila inapowezekana, itolewe kwa saa zilizopangwa, na ilingane na ukali wa maumivu, kuanzia parasetamo hadi mofini. Majirani zetu wa Uganda wameonyesha kwamba jambo hili linawezekana hata vijijini. Hospice Africa Uganda, shirika la tiba shufaa lililoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, lilianza kuchanganya unga wa mofini na maji na kuwapelekea wagonjwa majumbani, na mwaka 2004 sheria ya nchi hiyo ikawaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliosomea kazi hii kuiandika wenyewe.

Kutoa dawa kwa saa ndiko kunakowashinda wengi. Mofini ya maji hufanya kazi kwa takriban saa nne, kisha nguvu yake huisha. Ukingoja maumivu yarudi ndipo umpe, unazima moto uliokwisha kushika paa. Ratiba ya kawaida ni saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Mara nyingi dozi ya saa 4 usiku huandikwa maradufu, ili ile ya saa 8 usiku irukwe na nyumba nzima ipate kulala. Maumivu yakichomoza kabla ya saa yake, kuna dozi ya ziada, kwa kawaida sawa na ile ya kila saa nne. Mpe, andika, na dozi inayofuata ibaki palepale kwenye saa yake. Ukijikuta umetoa ya ziada mara tatu kwa siku moja, tupigie: dozi yake imekuwa ndogo.

Nyumba nyingine ilinifundisha jambo ambalo sikulisomea chuoni. Kwenye kibandiko cha chupa mtoa dawa alikuwa ameandika tarakimu tupu: 6, 10, 2, 6, 10, na ile ya mwisho akaipigia mstari kuwa ni mara mbili. Aliyeandika alihesabu saa za Kizungu. Bibi aliyekuwa akimuuguza mumewe alizisoma kama tunavyosoma saa sote: sita mchana, kumi jioni, mbili usiku, sita usiku, kumi alfajiri. Hakuruka hata moja. Aliamka usiku wa manane, akaamka tena kabla ya adhana kumpa dozi kubwa mtu aliyekuwa usingizini. Kuanzia hapo hadi saa sita mchana, saa nane nzima, mzee hakupata kitu. Ndiyo maana kila tulipofika saa nne asubuhi tulimkuta analia, na tulikuwa tumeshaanza kufikiria kumwongezea dozi. Dozi haikuwa na kosa lolote. Tangu siku ile kila chupa naiandika kwa maneno, nachora jua kwenye dozi za mchana na mwezi kwenye ile ya saa 4 usiku, kisha namwomba anayeuguza anisomee.

Kijiko cha nyumbani si kipimo. Vijiko vya chai vya nyumba moja tu havilingani, sembuse vya mtaa. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, na tukuwekee alama ya wino pale dawa inapotakiwa kufika. Halafu soma nguvu ya dawa kila unapoletewa chupa mpya. Kuna mofini yenye miligramu 5 katika mililita 5, na kuna yenye miligramu 50 katika mililita hizohizo 5. Ujazo ni uleule, dawa ni mara kumi. Kwingine hutiwa rangi ili zitofautiane, lakini rangi isikutoshe. Ukipewa vidonge vya mofini vinavyofanya kazi polepole, usivisage wala kuvivunja, kwa sababu dawa iliyokusudiwa kudumu kwa muda wa saa kumi na mbili itamwingia kwa mkupuo. Chupa ikae mahali pa kufungwa, mbali na jua na watoto, na asionjeshwe mgonjwa mwingine hata akiwa ndugu.

Mofini ina karaha moja isiyozoeleka: hufunga choo. Kichefuchefu na usingizi hupungua baada ya siku chache, lakini choo hakijirekebishi chenyewe. Kwa hiyo dawa ya kulainisha choo, kama bisakodili au sena, huanza siku ileile mofini inapoanza. Papai na maji ya kutosha husaidia, ila havichukui nafasi ya dawa. Nimekuta wagonjwa walioacha mofini wakisema inawaua tumbo, kumbe ni siku ya sita hawajapata choo na wanaona aibu kulisema mbele ya wakwe. Muulize kila siku, faraghani. Zikipita tatu, tuambie.

Usingizi wa siku mbili za mwanzo usikutishe. Mara nyingi ni deni la usingizi la wiki nyingi. Lakini ukimwita na kumtikisa haamki, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, na pumzi zinakuja kwa nadra, usimpe dozi inayofuata, tupigie mara moja. Tupigie pia mkojo ukipungua sana, maana figo zikichoka dawa hujikusanya mwilini.

Namna ya kumuuliza maumivu nayo ina ufundi. "Unajisikiaje?" hujibiwa "Sijambo" hata na anayeungua. Sisi hutumia mkono: ngumi iliyofungwa ni hakuna maumivu, kidole kimoja ni kidogo, vidole vitano ni yasiyovumilika. Mtoto anaweza, na mzee asiyeweza kusema anaweza. Andika idadi ya vidole kwenye daftari pembeni ya kila dozi. Ukurasa mmoja wa daftari hilo hunisaidia kuliko maelezo ya nusu saa.

Si kila tabu inatibiwa na mofini. Kidonda cha saratani ya titi au ya kizazi huweza kutoa harufu kali, na nimeona harufu hiyo ikimfungia mgonjwa chumbani kuliko maumivu yenyewe: wageni huacha kuja, watoto hulazwa kwa shangazi. Kwa kidonda kinachofikika, osha kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa yenye kijiko cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Kisha, kwa maelekezo ya mhudumu wako, nyunyizia vidonge vya metronidazo, dawa ya kuua vijidudu, vilivyosagwa laini kabla ya kufunga. Ndani ya siku chache tofauti huonekana. Binti niliyemtaja mwanzo alianza kula chakula cha jioni kitandani kwa mama yake tena.

Anayebanwa na pumzi mkalishe kwa mito, fungua dirisha, waondoe waliojazana chumbani, kisha mpepee usoni kwa kipepeo cha ukili. Linaonekana jambo dogo, lakini upepo ukigusa shavu na pua huipunguza kweli ile hisia ya kukosa hewa. Mgonjwa Mwislamu anayetaka kufunga Ramadhani na atuambie mapema. Dini imemruhusu mgonjwa kula, na akisisitiza kufunga tunakaa naye, pamoja na shehe wake akipenda, kuona dawa itapangwaje. Asiache kimyakimya.

Siku za mwisho hatataka kula. Hili huziumiza familia zetu kuliko lolote, kwa kuwa kwetu kumpenda mtu ni kumlisha. Usimkabe kwa uji. Mwili unaofunga kazi hauhitaji tena chakula, na uji huingia kwenye pumzi. Mloweshe midomo kwa pamba yenye maji, mpake mafuta. Koo likianza kukoroma, mlaze ubavu. Akishindwa kumeza, mofini usiikatishe ghafla: tupigie, tukuonyeshe jinsi ya kuweka matone machache ndani ya shavu. Zungumza naye kwa jina lake, huenda anasikia.

Dawa iliyobaki baada ya msiba irudishwe hospitali, isimwagwe wala kugawiwa. Binti yule alikuja siku ya kumi baada ya mazishi, chupa ya tatu mkononi, imebaki robo, na daftari chini ya kwapa. Kurasa za wiki ya kwanza zilikuwa na vidole vinne na vitano. Za wiki ya mwisho zilikuwa na vidole viwili, kimoja, na penye saa 4 usiku, mara nyingi, alikuwa amechora ngumi.