Harusi ya kifalme si ndoa ya kifalme

Mei 2018 nilikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imeshanyolewa, kwenye televisheni Harry, mwanamfalme wa Uingereza, na Meghan wakatoka kanisani pale Windsor na kupanda gari la farasi. Kinyozi akasimamisha mashine hewani atazame vizuri. Mtangazaji naye: "Ndoa imefana sana!" Ndoa ilikuwa haijatimiza hata saa mbili. Kajuaje kwamba imefana? Na tangu siku hiyo kosa hilo, la kuiita harusi ndoa, nimeshalisikia mara nyingi mno.

Harusi ya kifalme ni sherehe ya kuoana kwa mtu wa ukoo wa mfalme, inayotoka nje ya kasri hadi mtaani. Basi.

Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu: arus, mwari anayeolewa, na urs, karamu yake. Ndiyo maana wazee wengi wa pwani husema arusi, bila hiyo h. Na ndiyo maana kuna bibi harusi na bwana harusi: hao ni watu wa siku ile. Mwaka wa tatu, mtoto yuko mgongoni, ukimwita mtu bibi harusi unamtania. Ndoa ni neno letu, limetoka kwenye kuoa, wala halihitaji mpishi na tarumbeta. Ndoa ya mkeka ni ndoa kamili, lakini nani amewahi kula pilau yake?

Sasa twende London, 29 Aprili 2011. Ndoa ya William, kaka yake Harry, na Catherine ilifungwa ndani ya Westminster Abbey: viapo, pete, sahihi daftarini. Harusi ndiyo iliyowapa Waingereza siku ya mapumziko. Ndiyo iliyoleta maombi zaidi ya 5,000 ya kufunga barabara, watu wapange meza katikati ya lami, wale keki chini ya vibendera vya pembetatu vilivyotundikwa kutoka nyumba hii hadi ile. Ndiyo iliyowajaza watu mbele ya kasri la Buckingham kungoja busu la roshanini (ambalo si mila ya kale kama wengi wanavyodhani, walioanza ni Charles na Diana, wazazi wa William, 1981). Yule wa keki mtaani hakushuhudia ndoa. Alikuwa harusini, tena bila kadi.

Hao Charles na Diana, harusi yao nani atabisha kwamba ilifana? Ndoa ikavunjika 1996. Elizabeth, aliyekuja kuwa malkia, na Philip walioana Novemba 1947, vita vimewaachia Waingereza uhaba, hata kitambaa cha gauni kinanunuliwa kwa kuponi za mgao. Ndoa yao ilidumu miaka 73, hadi Philip alipofariki 2021.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, safari nyingine gari la farasi likipita, sema tu harusi imefana. Tutakuelewa.