Mgongo ni wa zamani, nyonga ni mpya: maswali na majibu

Ninafanya kazi ya fiziotherapia hapa Kigoma. Ninaowahudumia ni wabeba magunia ya dagaa wa Kibirizi, akina mama wanaopanda na kushuka milima ya Buhigwe na kuni kichwani, madereva wa bodaboda, wazee wa Ujiji. Wengi wana mgongo wa miaka. Kisha nyonga inaanza kuuma, nao wanajipa jibu wenyewe: "Ni mgongo wangu uleule." Wanakaa na jibu hilo miezi, wengine mwaka na zaidi. Haya ndiyo maswali wanayoniuliza.

Nyonga hasa ni wapi? Nikishika kiuno naambiwa nyonga, nikishika tako naambiwa mgongo.

Kiungo cha nyonga kiko mbele kuliko wengi wanavyodhani. Ni pale kichwa cha mfupa wa paja kinapozunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno, usawa wa kinena. Kikiugua, maumivu husikika kwenye kinena, hushuka mbele ya paja na mara nyingine hufika gotini. Wapo waliochuliwa goti miezi mingi na goti lenyewe ni zima.

Mgongo uliobana mshipa wa fahamu una njia yake: tako, nyuma ya paja, kisha chini ya goti, pamoja na ganzi au moto. Maumivu ya ubavuni mwa paja, pale mfupa unapochomoza, yanayokuamsha ukilalia upande huo, mara nyingi ni ya kano za misuli ya tako. Yanasumbua, ila kiungo chenyewe hakiharibiki.

Jiangalie katika mambo ya kila siku. Unashindwa kuinama uvae kiatu mguu mmoja tu? Kurusha mguu juu ya bodaboda kunakuchoma kinena? Kuchuchumaa chooni, au kukaa kitako katikati ya swala, kumekuwa adhabu? Hiyo ni nyonga inayotaka kupimwa, hata kama una mgongo.

Mgongo wangu ulipigwa picha ikaonekana pingili zimesagika. Sasa nyonga inauma. Si ni kitu kilekile kimeshuka?

Inawezekana. Inawezekana pia siyo, na wewe ukiwa nyumbani huna namna ya kujua. Hapo ndipo watu wanapoumia.

Picha ya mgongo ya mtu aliyevuka miaka 50 karibu kila mara itaonyesha kusagika, hata kwa mtu asiyeumwa chochote. Karatasi hiyo haielezi kila maumivu utakayopata maisha yako yote. Mtu mmoja anaweza kuwa na mgongo na nyonga mbovu kwa wakati mmoja, na kimoja humchosha mwenzake: nyonga iliyokakamaa inaulazimisha mgongo kupinda zaidi kila hatua, na mgongo unaouma unakufanya utembee kwa kuegemea upande mmoja.

Kwa hiyo naomba nieleweke: maumivu mapya yanadai uchunguzi mpya. Ukifika kwa tabibu usianze na "mgongo wangu umerudi", maana ukimwambia hivyo ataangalia mgongo tu. Sema: "Nina mgongo wa zamani, lakini haya ni mengine, yameanza hapa." Weka kidole mahali penyewe. Kisha uliza kwa adabu, "Nyonga yangu haijazungushwa, tafadhali ipime." Kulala chali na mguu ukazungushwa ndani na nje ni kipimo cha dakika mbili, hakina gharama, nacho kinatofautisha mengi.

Naweza kuvumilia kwa muda gani?

Kama unatembea vizuri, huna homa na hukuanguka, jitunze kwa wiki mbili. Zikipita na hali ni ileile, nenda. Wiki mbili, si msimu wa mvua mzima, wala si "mpaka tuuze mawese".

Wapo ambao hawana hata siku ya kungoja. Ganzi ikiingia katikati ya mapaja na sehemu za siri, mkojo ukikataa kutoka au ukitoka bila wewe kujua, miguu ikianza kulegea: hiyo ni mishipa ya fahamu inayokufa chini ya uti wa mgongo, na saa zinahesabiwa. Usilale usiku huo nyumbani. Homa pamoja na nyonga isiyoweza kukanyaga, nenda siku hiyohiyo. Mtoto anayechechemea, nenda siku hiyohiyo, hata kama amekuambia aliteleza akicheza mpira. Mwenye selimundu ambaye nyonga yake inauma asijisemee "ni maumivu yangu ya kawaida", kwa sababu ugonjwa huo huziba damu inayolisha kichwa cha mfupa wa paja na mfupa ukafa taratibu.

Mama ana miaka 70 na zaidi, aliteleza bafuni. Anasema ni mgongo wake wa siku zote. Anakaa kitandani wiki ya pili sasa.

Mpelekeni leo. Sikiliza, kaka: mzee aliyeanguka na hawezi kukanyaga ana mfupa wa nyonga uliovunjika mpaka picha iseme vinginevyo. Muangalie miguu akiwa amelala. Mguu mmoja ukiwa mfupi na unyayo umegeukia nje, usisubiri hata chai. Lakini miguu kulingana si ruhusa ya kumwacha, kwani baadhi ya mivunjiko haijaachana na mguu unaonekana mzima.

Msimwite mwunga mifupa amvute. Kulala wiki nyingi kunawaletea wazee nimonia, vidonda vya mgongoni na damu kuganda miguuni, na hayo ndiyo yanayowaua. Ninapoambiwa "tulidhani ni mgongo" na mzee ameshatoka vidonda, nakosa la kusema.

Jirani ananiambia nipime kifua kikuu. Mimi sikohoi. Kifua kikuu na nyonga wapi na wapi?

Jirani yako amesema jambo la maana. Kifua kikuu hukaa kwenye pingili za mgongo bila mgonjwa kukohoa hata mara moja. Kinatafuna pingili polepole, na usaha wake unaweza kufuata msuli unaotoka mgongoni hadi kwenye kinena. Mgonjwa anakuja analalamika nyonga, mguu ameukunja, hawezi kuunyoosha. Wengine wanapata uvimbe kwenye kinena, wanauita jipu au ngiri, unapasuliwa mtaani na haukauki.

Kukonda, jasho la usiku, homa za jioni, mgongo unaouma zaidi usiku, kinundu kinachoanza kutokeza katikati ya uti: ukiwa na mawili ya hayo juu ya mgongo wa muda mrefu, dai kupimwa. Mwenye virusi vya UKIMWI awe mwepesi zaidi kwenda. Dawa hutolewa bure katika vituo vya serikali, na humezwa muda mrefu kuliko za kifua kikuu cha mapafu. Aliyewahi, anapona akiwa anatembea. Aliyechelewa, anaweza kupona ugonjwa na miguu isirudi. Kutokukohoa hakukutoi kwenye hatari hii.

Nikichomwa sindano ya diklofenaki naamka mzima. Kwa nini nisichome kila inapouma?

Kwa sababu huamki mzima, unaamka husikii maumivu. Sindano haijagusa mfupa uliovunjika, kifua kikuu, wala kiungo kilichosagika. Imekupa tu nguvu ya kubeba gunia jingine juu ya kiungo kinachoharibika.

Diklofenaki ikizoeleka hutoboa tumbo, huumiza figo na hupandisha shinikizo la damu. Ina kazi yake, kwa siku chache, baada ya chakula, kwa dozi ndogo inayotosha, na kwa mtu asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, shinikizo la damu wala ujauzito. Halafu kuna mkono unaochoma. Sindano ya tako ikipigwa mahali pabaya hugonga mshipa mkubwa wa fahamu, na nimewafanyisha mazoezi watu ambao unyayo ulianguka siku ileile ya sindano. Walikwenda dukani na maumivu ya nyonga, wakarudi na mguu wa kuburuta.

Parasetamoli ni salama zaidi kuanza nayo: mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini, vidonge viwili vya miligramu 500, visizidi vinane kwa saa 24. Soma pakiti kwanza. Vidonge vingi vya diklofenaki vinavyouzwa vimeshachanganywa na parasetamoli, na mtu akiongeza nyingine juu yake anazidisha bila kujua.

Na vile vidonge vidogo vya dukani? Nimevitumia mwaka wa pili, mgongo unatulia kabisa, hata uso umejaa.

Swali hili ndilo lililonifanya niandike.

Vidonge hivyo vinavyofungwa kwenye karatasi bila jina mara nyingi ni deksamethasoni au prednisoloni, dawa kali za jamii ya steroidi. Mgongo unatulia, hamu ya kula inarudi, mashavu yanajaa, mtaani wanakusifu umependeza. Kujaa huko kwa uso ni dalili ya sumu ya dawa, si afya. Ndani, sukari inapanda, mifupa inapungua nguvu, na damu inayolisha kichwa cha mfupa wa paja inaweza kukatika. Mfupa ukifa, unabonyea. Mtu aliyekuwa na mgongo tu sasa ana nyonga iliyokufa, wakati mwingine zote mbili, akiwa na miaka 40. Na bado anaambiwa ni mgongo umeshuka, anaongezewa vidonge vilevile.

Narudia: dawa uliyonywea mgongo inaweza kuwa ndiyo inayoua nyonga. Ukinywa dawa hizo kwa muda mrefu na kinena kikaanza kuuma, hilo ni jambo la wiki hii. Mwambie tabibu dawa gani na miaka mingapi, usione aibu. Ila usiziache ghafla leo, kwa sababu mwili umeshazoea na kuacha kwa mpigo kunaweza kukuangusha. Hupunguzwa kidogo kidogo chini ya uangalizi. Pombe kali ya kila siku nayo huua mfupa huohuo, na mchanganyiko wa viwili hivi nimeuona mara nyingi kwa vijana.

Wauzaji wa dawa, nanyi mnasoma. Acheni.

Kuchuliwa na mafuta ya mawese kunakatazwa?

Kuchuliwa polepole na kukandwa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu hakuna ubaya, kunalegeza misuli. Kusikandwe penye ganzi, utaungua usijue. Kinachokatazwa ni kuvutwa mguu, kukanyagwa mgongo na kuchanjwa chale, hasa kwa aliyeanguka, mwenye homa au mwenye kinundu.

Nimepimwa kila kitu, picha safi, damu safi, na bado nyonga inauma. Naambiwa ni mawazo.

Pole, mama. Maumivu yako ni ya kweli. Eksirei ya kawaida haionyeshi kano, haionyeshi mshipa uliobanwa, na mfupa unaoanza kufa huonekana mzima kwenye eksirei wakati kipimo cha MRI tayari kinaonyesha. Kwa hiyo picha safi ya Januari haikufungi mdomo mwezi Aprili. Maumivu yakiongezeka, rudi, na ikibidi omba rufaa, hospitali ya Maweni hapa Kigoma kwanza, kisha Bugando ya Mwanza au MOI, taasisi ya mifupa iliyoko Muhimbili, Dar es Salaam, ambako hata nyonga ya bandia huwekwa.

Lingine: ukipewa amitriptilini usiitupe kwa kuambiwa ni dawa ya wendawazimu. Kwa dozi ndogo ya usiku hutumika kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, nayo hurudisha usingizi. Mtu asiyelala huumia maradufu.

Wakati nasubiri majibu, nifanye nini nyumbani?

Tafuta mkongojo, uushike mkono wa upande usiouma. Karibu kila mtu anaushika upande wenye ugonjwa, na hapo haupunguzii nyonga uzito. Nyonga ya kulia, mkongojo kushoto, vitembee pamoja.

Usilale kitandani siku nzima. Misuli ya tako hunyauka haraka, na ndiyo inayobeba mgongo na nyonga vyote viwili. Tembea kidogo mara nyingi kuliko mbali mara moja. Lala upande usiouma na mto katikati ya magoti. Asubuhi na jioni, lala chali, kunja magoti, inua makalio, hesabu hadi tano, shusha. Anza na mara nane. Maumivu yakibaki makali hadi kesho yake, punguza idadi, usiache.

Kigoda kifupi ni adui wa nyonga. Pandisha jiko, fulia ukiwa umesimama, fanya swala ukiwa umekaa kwenye kiti, dini imeruhusu. Ndoo mbili ndogo mikono miwili ni bora kuliko moja kubwa upande mmoja. Na wanaume wenye nguvu nyumbani, kuni na maji ya mgonjwa ni kazi yenu kwa sasa.

Natoka Kalya, nikipanda boti mpaka mjini ni safari na gharama. Nije na nini ili nisirudishwe?

Anzia kituo cha karibu upate barua ya rufaa, isipokuwa una zile dalili za kutongoja. Ukiwa nazo, njoo na boti ya kwanza. Njoo na picha zote za zamani, hata zilizokunjika, pamoja na kila dawa uliyomeza, hata ile iliyofungwa kwenye karatasi isiyo na jina. Andika maumivu yalianza lini, yako wapi, na ni jambo gani ulilokuwa ukifanya mwaka jana ambalo sasa huwezi. Vaa nguo pana inayoruhusu mguu kuinuliwa. Na ukikaa mbele ya tabibu, anza na nyonga. Habari za mgongo zitafuata baadaye.