Msimamizi wa mirathi si mwenye mali: yanayosemwa kuhusu wosia, na sheria inavyosema

Katika misiba mingi ya Tanzania Bara, maneno ya mali huanza siku ya kuanua matanga. Kaka mkubwa anakabidhiwa funguo, cheti cha kifo kinaingia kwenye bahasha yake, na baba mkubwa anafunga kikao kwa kusema, "Huyu ndiye baba yenu sasa." Kila aliyeketi pale anaondoka na tafsiri yake kuhusu alichokabidhiwa kaka, na tafsiri hizo ndizo zinazokutana mahakamani miaka kadhaa baadaye. Hizi hapa ni kauli zinazorudiwa sana. Naanza na ile inayoumiza watu kuliko zote.

"Msimamizi ndiye mwenye mali sasa"

Hapana. Msimamizi wa mirathi ameteuliwa na mahakama kukusanya mali za marehemu, kulipa madeni na gharama za mazishi, kisha kugawa kilichobaki kwa warithi. Kama naye ni mrithi, atapata fungu lake kama wenzake. Kama si mrithi, usimamizi haumpi fungu.

Ukienda Mahakama ya Mwanzo utaanza na Fomu Namba I, ya maombi. Mahakama inatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, inasikiliza shauri, na ikiridhika inatoa Fomu Namba IV, ile karatasi yenye muhuri ambayo watu huidurufu na kuzunguka nayo benki na ofisi za ardhi. Familia nyingi zinaishia hapo na kudhani mirathi imekwisha. Kumbe kazi ndiyo inaanza. Ndani ya miezi minne msimamizi anatakiwa kuwasilisha Fomu Namba V, yenye orodha ya mali na madeni yote, na baadaye Fomu Namba VI, yenye hesabu na mgawanyo. Kwa mirathi zilizofunguliwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, kwenye mahakama za juu, orodha inatakiwa ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Karatasi hizi mbili ndizo zinazomlinda mjane na watoto, na ndizo zinazosahauliwa.

Tuseme marehemu ameacha nyumba Mbagala yenye wapangaji wanne. Msimamizi anapokea kodi kila mwezi, mwaka unapita, na mjane akiuliza anajibiwa, "Shemeji, hati ina jina langu." Inawezekana kabisa jina lake lipo. Kiwanja chenye hati husajiliwa kwanza kwa msimamizi, akiwa mwakilishi wa kisheria wa marehemu, kabla ya kuhamishiwa kwa mrithi. Kwa hiyo usiishie kusoma jina, soma na cheo kilichoandikwa mbele yake. Kodi ya wale wapangaji ni mali ya mirathi na inapaswa kuonekana kwenye hesabu, shilingi kwa shilingi. Mjane huyo aende kwa karani wa mahakama ileile iliyotoa Fomu Namba IV, akiwa na namba ya shauri, aombe kuliona jalada. Kama Fomu Namba V haimo, aombe kwa maandishi msimamizi aitwe ajieleze. Mahakama ikiona ameshindwa kazi au ameitumia vibaya nafasi yake, ina uwezo wa kumwondoa na kumteua mwingine.

"Ukoo umeshamchagua, inatosha"

Ukoo unapendekeza. Anayeteua ni mahakama. Muhtasari wa kikao cha ukoo unasaidia kuonyesha warithi ni akina nani na kama kuna ugomvi, lakini hakuna benki inayopaswa kutoa fedha za marehemu kwa sababu tu wazee saba wametia saini. Na anayechukua kadi ya benki au simu ya marehemu akatoa fedha kwa namba ya siri aliyokuwa anaijua, hata kama ni kwa ajili ya sanda na jeneza, atapaswa kueleza alichokichukua na alikitumiaje. Atunze risiti.

"Wosia upo, basi mahakama ya nini?"

Wosia unasema marehemu alitaka nini. Hauhamishi kiwanja wala akaunti. Aliyetajwa kuwa msimamizi wa wosia bado anapaswa kuupeleka mahakamani uthibitishwe, na hapo ndipo wenye shaka na saini au na akili ya marehemu wakati anaandika wanapopata nafasi ya kusema. Kinachobadilika ni kwamba mahakama inakuwa na sauti ya marehemu mezani. Mahali pasipo na wosia, inabaki na sauti za walio hai peke yao, na mwenye sauti kubwa si lazima awe mwenye haki.

"Saini yangu na ya rafiki yangu zinatosha"

Hapa wosia mwingi wa nia njema hufia. Swali la kwanza ni sheria ipi inayokuhusu, kwa sababu Tanzania Bara zipo zaidi ya moja: sheria za mila, sheria ya Kiislamu, na Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo mpaka leo inatumika kwa wengi wasioishi kwa kufuata mila wala Uislamu. Mahakama huangalia maisha aliyoishi marehemu na nia aliyoionyesha. Jina la ubatizo peke yake halimalizi swali, wala kabila. Jibu linaamua hata mlango wa kubisha, kwani Mahakama ya Mwanzo imepewa mirathi zinazoongozwa na mila au Uislamu.

Kwa upande wa mila, kanuni zilizotangazwa kwenye Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963 ziko wazi kuhusu mashahidi. Wosia wa mdomo unahitaji wasiopungua wanne: wawili wa ukoo na wawili wasio ndugu. Wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unahitaji wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje, nao wawe wanajua kusoma na kuandika. Asiyejua kusoma anahitaji wanne. Juu ya hao, mke au wake waliopo nyumbani wakati huo lazima nao washuhudie. Mzee anayemficha mkewe ili "asilete maneno" anauharibu wosia wake mwenyewe, na ukibatilika atahesabiwa amekufa bila wosia. Anayeachiwa mali naye asiwe shahidi, isipokuwa mke.

Chini ya ile sheria ya 1865 mashahidi ni wawili, na shahidi aliyeachiwa kitu anakikosa. Halafu kuna jambo ambalo wanandoa wapya hawaambiwi: ndoa inafuta wosia ulioandikwa kabla yake. Ukioa au ukiolewa, andika upya.

"Mali yangu, nampa nimtakaye"

Kwa Mwislamu, wosia hauvuki theluthi moja ya mali iliyobaki baada ya madeni na mazishi, na haupewi mrithi mwenye fungu lake mpaka warithi wengine waridhie. Mafungu yenyewe yameshapangwa: mke anapata thumni, yaani sehemu moja ya nane, kama marehemu ameacha watoto, na robo kama hakuacha.

Kwa mila, unaweza kumnyima mrithi, lakini kwa sababu nzito, kama kumshambulia mwenye mali au kumtelekeza akiwa mgonjwa au mwenye njaa. Sababu itajwe ndani ya wosia, na mhusika apewe nafasi ya kujitetea. Kumnyima binti kwa sababu ameolewa na mtu wa dini nyingine hakumo.

Na huwezi kuusia kisicho chako. Kama kiwanja kina majina ya mume na mke, fungu la mjane ni lake tangu mwanzo. Haliingii kwenye mirathi hata kidogo.

"Mwanamke haachiwi ardhi ya ukoo"

Mkoani Kagera, bibi mmoja aitwaye Holaria Pastory aliachiwa ardhi ya ukoo na baba yake kwa wosia halali. Mwaka 1988, umri umekwenda na hana wa kumtunza, aliiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Ndugu wa ukoo, Bernardo Ephraim, akaenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kudai kuwa kwa mila za Wahaya mwanamke hana uwezo wa kuuza. Akashinda pale, akashindwa kwenye rufaa, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akasema katiba inakataza ubaguzi huo, na mwanamke anauza ardhi ya ukoo kwa masharti yaleyale ya mwanamume.

Nasikitika kwamba ushindi ule haukuzifuta kanuni za 1963. Bado zinasema mjane hana fungu kama marehemu ana ndugu wa ukoo, na kwamba atatunzwa na watoto wake. Chini ya sheria ya 1865, mjane mwenye watoto anapata theluthi moja na watoto, wa kike kwa wa kiume, wanagawana sawa theluthi mbili. Ukiishi maisha ya mchanganyiko, mguu mmoja mjini na mwingine kijijini, unamwachia mkeo ubishi wa sheria ipi itumike. Andika wosia sasa, umtaje kwa jina na utaje unachomwachia.

"Nitaandika kila kitu jina la mtoto, mirathi isiwepo"

Ukishampa, umempa. Akikopa, akifilisika au akifa kabla yako, nyumba inamfuata yeye, nawe unakuwa mgeni ndani yake. Kwa anayetaka mali iendelee kuwanufaisha watu bila kuuzwa, pwani tuna wakfu: mwenye mali anaitoa angali hai, haiuzwi, haitolewi zawadi wala kurithiwa, na mapato yake yanakwenda kwa aliowataja au msikitini. Zanzibar wakfu ziko chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kwa watoto wadogo, taja kwenye wosia mtu atakayeshika fungu lao mpaka watimize miaka 18, na mwingine wa kushika nafasi yake akifariki.

"Miaka imepita, tumechelewa"

Bado unaweza kufungua mirathi. Chini ya kanuni za Sura ya 352, ikishapita miaka mitatu tangu kifo, maombi yanapaswa kueleza sababu ya kuchelewa. Na kama unadhani marehemu aliandika wosia ila hauonekani nyumbani, uliza RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa serikali, ambao huandika na kuhifadhi wosia, kisha benki yake, wakili wake, na kanisa au msikiti wake.