Endelevu si kinachoendelea

"Mradi huu ni endelevu, mfadhili ameuongezea miaka mitatu." Sentensi ya namna hii haikosekani kwenye warsha za mazingira, na hakuna anayekunja uso. Mradi huo unaendelea, sawa. Lakini kinachotegemea hundi ya mtu mwingine kila mwaka ndicho hasa neno endelevu lilitungwa kukikataa.

Maana yenyewe ni fupi: matumizi ni endelevu pale kasi ya kuchukua isipozidi kasi ya kile kinachochukuliwa kujirudisha, ili watakaokuja wakikute.

Kosa haliko kwenye neno, kwani limeundwa vizuri kuliko tunavyolitumia. Enda ilizaa endea, ikazaa endelea, na mwishoni tukapachika -vu. Kiambishi hiki kina kazi yake. Tulia hutoa tulivu, vumilia hutoa vumilivu, nyenyekea hutoa nyenyekevu. Anayevumilia foleni leo si lazima awe mvumilivu. Huenda hana pa kwenda tu. Kitenzi kinataja anachofanya sasa, -vu inataja alivyo. Vivyo hivyo uvuvi wa kokoro, wavu wa kukokota, unaweza kuendelea miaka ishirini bila kuwa endelevu hata siku moja, kwa sababu kila mwaka unakula samaki wachanga ambao wangezaa wa mwaka unaofuata. Lililotuponza ni neno maendeleo. Tuliposema "maendeleo endelevu" tuliweka mzizi mmoja mara mbili, na sikio likasikia "kuendelea kunakoendelea".

Wajerumani waliifikia maana hiyo kwa njia nyingine. Mwaka 1713 Hans Carl von Carlowitz, mkuu wa shughuli za migodi huko Freiberg, Saxony, aliandika juu ya matumizi ya misitu aliyoyaita nachhaltend, yaani yanayoshikilia hadi baadaye. Hakuwa mpenda ndege. Migodi ya fedha ilihitaji magogo ya kuegemeza mashimo na mkaa wa kuyeyushia mawe yenye madini, na misitu ya jirani ilikuwa inakwisha. Hoja yake ilikuwa hesabu ya karani: usikate zaidi ya kinachoota. Neno hilo, kwa Kiingereza sustainable, liliingia katika siasa za dunia mwaka 1987 kupitia ripoti ya tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, waziri mkuu wa Norway, na kadiri lilivyopanda majukwaani ndivyo ile hesabu ilivyodondoka njiani.

Kwetu hesabu hiyo inaonekana wazi kwenye mkaa. Katika baadhi ya vijiji vya Kilosa, mkoani Morogoro, sehemu ya msitu wa kijiji hutengwa kwa mkaa na kuvunwa kwa mzunguko wa miaka 24. Vitalu ni vya mita 50 kwa 50, vimepangwa kama ubao wa drafti: kilichokatwa kinapakana na ambacho hakijaguswa. Miti ya miombo huchipua yenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi, kwa hiyo hakuna haja ya kitalu cha miche wala sherehe ya kupanda miti. Sharti ni kisiki kibaki hai. Kikichomwa, kikang'olewa, au mbuzi wakila machipukizi kila msimu, hesabu imevunjika hata kama vibali vyote vina mihuri. Na adui mkubwa kuliko shoka ni jembe: kitalu kikigeuzwa shamba la ufuta baada ya kuvunwa, miaka 24 haina tena maana.

Hapo ndipo linapozuka swali: je, jamii inaweza kubadilika na kuifuata hesabu hii? Kugawa msitu mafungu 24 ni kazi ya siku chache ya watu wenye kamba na GPS. Kazi ngumu ni mkutano mkuu wa kijiji kukubali kwamba mwaka huu fungu ni moja tu, hata kama bei ya gunia mjini imepanda. Ukivuna mawili kwa mwaka, utarudi la kwanza mwaka wa 13 na kukuta miti yenye nusu ya umri wake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliruhusu vijiji kumiliki misitu na kukusanya mapato yake, na hilo lilibadili mengi: asiyepata hata ada ya gunia hana sababu ya kulinda kisiki. Jamii hubadilika pale anayejizuia leo ndiye atakayevuna kesho, au mwanawe.

Kuna na mkanganyiko wa pili, wa endelevu na stahimilivu. Mbegu inayovumilia ukame ni stahimilivu. Shamba lake linaweza kumwagiliwa kwa kisima kinachoshuka kila mwaka, likawa stahimilivu na lisiwe endelevu.

Kwa hiyo, mwenzangu wa warsha, mradi ambao bado una fedha uuite unaoendelea. Ukiishi baada ya mfadhili kuondoka, uite wa kudumu. Endelevu iwekee akiba hadi uweze kujibu maswali mawili: mnachukua kiasi gani kwa mwaka, na kinarudi kiasi gani?