Futi 22, na mengine niliyoyaamini kabla ya kuingia ziwani

Boti yangu ya kwanza niliinunua Majanji, wilaya ya Busia, Uganda, kwa mtu aliyeipima kwa hatua za miguu mbele yangu. "Ishirini na nane kamili," akasema, akakung'uta mikono. Sikuwa na futi ya kupimia. Nilikuwa na pesa za mahindi na haraka ya ujana. Wiki mbili baadaye, rangi imekauka na jina limeshaandikwa ubavuni, seremala mmoja wa pale mwaloni, ufukweni boti zinapotia nanga, akapita na futi yake ya chuma, akainama mara moja tu. Futi 22. Akanitazama kwa huruma, akaenda zake. Leo kuku wa shangazi hutaga humo.

Upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria, au Nalubaale kama Waganda wanavyoliita, boti ya uvuvi haitakiwi kupungua futi 28. Wanajeshi wa kikosi cha kulinda uvuvi walipoingia ziwani mwaka 2017, boti fupi na nyavu haramu zilichomwa moto mialoni watu wakitazama. Kwa hiyo mimi nilikuwa na bahati, niliumbuka kabla ya kuingia majini. Tangu hapo vijana wanaotaka kuanza hunijia kuuliza, na karibu wote huja na imani zilezile nilizokuja nazo mimi.

"Anza na kachombo kadogo, ukizoea utanunua kikubwa"

Hii ndiyo iliyonigharimu, na inavutia kwa sababu kwenye duka au shamba ni ushauri mzuri. Ziwani ni kinyume. Tunaposema boti ndogo huku tunamaanisha ile ya mbao ya futi 28 au zaidi, yenye mkuku chini, yaani boriti iliyo uti wa mgongo wa boti, mtindo wa visiwa vya Ssese, ya kusukumwa na injini au makasia. Iliyo fupi, chini bapa, bila mkuku, huitwa parachuti. Ina bei nafuu, nyepesi, mtu mmoja anaipiga kasia. Lakini mawimbi ya ziwa hili ni mafupi na yamesimama, yanakuja moja juu ya lingine, na chombo kisicho na mkuku kikipigwa ubavuni hakina cha kukishika.

Tena parachuti haifiki mbali, kwa hiyo inavua palepale kwenye vighuba vyenye matete. Huko ndiko ngege (sato) dume huchimba viota vyake, na ngege jike huwalea watoto mdomoni mpaka wapate nguvu. Ukivua pale unavua mbegu.

Jambo jingine ambalo muuzaji hasemi: boti ya mbao iliyokaa juani miezi mitatu itavuja. Mbao zimenywea na pamba iliyozibia nyufa imelegea. Nunua ukiiona ikiwa majini, watu wawili ndani yake, kwa saa nzima, kisha angalia maji yamefika wapi. Na jerikeni iliyokatwa nusu, ya kuchotea maji, ni kifaa cha kazi kama nyavu. Usiidharau.

"Usiku ziwa hulala"

Anayesema hivi amelitazama ziwa akiwa kwenye kibaraza saa mbili usiku.

Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, mawingu yanajengeka juu ya mashamba, na mvua inanyesha alasiri. Usiku mambo yanageuka. Nchi inapoa, maji yanabaki na joto lake, na pepo za pande zote zinashuka kuelekea ziwani na kugongana huko. Ndiyo maana ngurumo nyingi za ziwani hupiga kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, saa zilezile ambazo mvuvi wa mukene (dagaa) ameshusha taa na mvuvi wa sangara ameshaingiza nyavu.

Nilijifunza dalili zake kwa mjomba, ambaye si mtu wa maneno mengi. Kwanza nyota zinazimika upande mmoja, chini kabisa, kama mtu anayevuta pazia. Kisha joto lile la usiku linakatika ghafla, na upepo wa baridi wenye harufu ya udongo mbichi unakupiga shavu moja tu. Hapo mjomba hakuuliza mtu. Aliikata kamba ya nyavu, akafunga jerikeni tupu kwenye ncha yake ili tuirudie kesho, akaigeuza boti. Mimi nilikuwa bado nahesabu nyavu iligharimu shilingi ngapi.

Mamlaka ya Taifa ya Hali ya Hewa hutoa utabiri maalum wa Ziwa Viktoria. Uulize kabla ya kutoka. Hautakuambia wimbi litakalokupiga, lakini utakuambia usiku gani ni wa kulala.

Kuna na wale wanaosema jaketi la kuokolea ni la wasiojua kuogelea. Mimi naogelea. Lakini kutoka Majanji hadi uvuvini si umbali wa kuogelea, na maji ya nyuzi joto 25, yanayoonekana vuguvugu ukiingiza mkono, yanaunyonya mwili joto kidogo kidogo kwa saa nyingi mpaka vidole havishiki tena. Jaketi humshikilia mtu aliyechoka. Lijaribu kwanza kwenye maji ya kifuani. Mengine yanayouzwa sokoni yamejazwa sponji ya godoro, na sponji hunywa maji.

"Nyavu ni nyavu"

Hapa wengi huibiwa mchana kweupe. Kwa ngege, jicho la nyavu lisipungue inchi 5. Kwa sangara, ambaye Waganda humwita mputa, inchi 7. Lakini inchi hizo hazipimwi upande mmoja wa jicho. Unashika mafundo mawili yanayotazamana, unavuta mpaka jicho lifumbe, ndipo unapima kutoka fundo hadi fundo. Nyavu ya inchi 5 kila upande wake ni inchi 2 na nusu. Ukipima ubavu mmoja ukakuta 5, umeshika nyavu ya 10, na utashangaa kwa nini samaki wanapita kama wageni wa harusi.

Halafu urefu. Ukinunua kipande cha yadi 100 na kukitia kamba, maboya na chubwi za kuzamishia, usitegemee yadi 100 majini. Macho lazima yafunguke, na yakifunguka kipande kinarudi nyuma hadi karibu nusu. Mgeni hudhani fundi amemkatia na kumwibia. Hapana. Nyavu iliyonyooshwa ikafika yadi zote 100 imefumba macho, haishiki kitu.

Ndoana nazo zina kiburi chao: namba ikipanda, ndoana inapungua. Namba 6 ni kubwa kuliko namba 12. Chambo cha sangara mara nyingi ni kambare wachanga walio hai, na wapo wafugaji wanaowazalisha kwa kazi hiyo tu.

Nyavu za uzi mmoja wa plastiki, zile zinazong'aa, ni marufuku. Kokoro la kukokota ufukweni ni marufuku. Taikuni, yaani kupiga maji kwa magongo ili samaki wakimbilie nyavuni, ni marufuku pia. Sangara chini ya inchi 20 na ngege chini ya inchi 11, hata akija mwenyewe botini, ni kesi. Utamwona jirani anafanya yote hayo na anakula vizuri. Usimhesabu leo, mhesabu baada ya msako.

"Pesa iko kwa sangara"

Iko, ila sangara hula petroli. Anavuliwa mbali, anataka injini, anataka barafu, na asipofika kwenye barafu mapema bei yake inashuka kabla yeye hajashuka botini. Wenye viwanda wanamtaka mzima na mbichi. Hata mabondo yake (vibofu vya hewa), ambayo hapa watu huyaita nuni na ambayo husafirishwa hadi Asia, yanataka samaki mkubwa aliyetunzwa.

Mtu wa mtaji mdogo humdharau mukene, yule ambaye Mtanzania humwita dagaa na Mluo omena. Lakini kwa uzito, samaki wengi wanaotoka katika ziwa zima siku hizi ni hao wadogo. Tofauti ya faida iko kwenye ukaushaji. Mukene wa kwenye mchanga huishia kuwa chakula cha kuku. Mukene huyohuyo akianikwa juu ya chanja, bila mchanga wala kinyesi cha mbuzi, huliwa na watu, na bei inafuata. Fahamu tu kwamba anafuata taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka vizuri unapumzika utake usitake. Asiyepanga bajeti yake kwa kalenda ya mwezi hukopa kila mwezi. Na ule uvuvi wake wa haraka haraka unaoitwa hariapu usiuguse, uliwahi kupigwa marufuku.

Injini nyingi za mwaloni ni za mchanganyiko: lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli. "Ongeza oili, injini itadumu" ni uongo. Inachafua plagi, nayo itazima pale unapoihitaji. Beba plagi ya akiba na makasia. Magugu maji yakijisokota kwenye propela hakuna injini nzuri wala mbaya.

"Ziwa ni la Mungu, halina mpaka"

Halina ukuta, lakini lina mstari. Tanzania ina karibu nusu, Kenya asilimia 6 tu, inayobaki ni Uganda. Kwetu Majanji na kule Sigulu, Kenya iko karibu kiasi kwamba simu inahamia mtandao wa ng'ambo bila kuuliza. Beba kitambulisho, leseni ya boti na kibali chako, kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Na ujue Kiswahili. Kampala wapo bado wanaokiona kuwa lugha ya wanajeshi, lakini ziwani Msamia, Msoga, Mluo na askari wa doria wote wanaelewana kwa hicho.

Ingawa Kiswahili nacho kina mitego. Binamu yangu alikuja kutoka Mombasa, akakaribishwa chakula, akala vizuri hadi alipoambiwa ni mamba. Kijiko kikabaki hewani. Mamba ya Waganda ni kamongo, yule samaki mrefu anayepumua hewa. Tulichelewa kumweleza, makusudi.

"Mwanamke akipanda boti samaki wanakimbia"

Samaki hawajui. Pale Katosi, Mukono, wanawake wa mwaloni walianzisha chama chao mwaka 1996, na kati ya mali walizomiliki zilikuwa boti za uvuvi.

"Samaki wakielea wamekufa, mtu ametia sumu"

Mwishoni mwa 2020 kuingia Januari 2021 sangara walielea wamekufa kwenye fukwe za maziwa ya Viktoria na Kyoga, na mialo yote ilikuwa inatafuta mchawi au mtia sumu. Hofu hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1999 Ulaya ilifunga soko lake kwa samaki wa ziwa hili kwa sababu ya wasiwasi wa sumu kwenye uvuvi, na waliokuwa na boti wakati huo hawajasahau. Ila mara hii wataalamu walieleza kitu kingine: dhoruba zilivuruga maji, yale ya chini yasiyo na oksijeni yakapanda, na sangara ndiye asiyevumilia. Samaki wenzake wengi walikuwepo majini wazima. Ukiona sangara peke yake ndiye aliyekufa, fikiria oksijeni kwanza. Na usimwokote kumuuza, vyovyote vile.

"Kichocho hupatikana kwa kunywa maji"

Huingia kwa ngozi. Vijidudu hutoka kwenye konokono wanaokaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, yaani palepale unaposimama kusukuma boti na kuosha nyavu. Na usisubiri mkojo wenye damu. Kichocho cha ziwa hili hukaa matumboni, dalili zake ni damu kwenye choo na tumbo linalojaa polepole kwa miaka. Wagawa dawa wakija na ile fimbo ya kupimia urefu, meza. Mwaka ujao meza tena, kwa sababu dawa inaua waliomo, haizuii wapya.

"Nikiwa na boti, watu wa kuvua watapatikana"

Watapatikana, ndiyo. Huku tunawaita baria, neno lile lile baharia lililochoka njiani kutoka pwani. Lakini mwenye boti asiyejua kazi ndiye baria humla. Petroli inakwenda, samaki wanauzwa visiwani kabla boti haijarudi, na wewe ufukweni unaambiwa usiku ulikuwa mbaya. Utajuaje? Mgao pia si mmoja kila mahali: hapa gharama hutolewa kwanza, pale hugawanywa, kwingine chakula ni cha mwenye boti. Mkubaliane kabla, mbele ya mtu wa tatu.

Mimi, baada ya kuwaachia kuku boti yangu, nilikwenda kwa mjomba kuomba anikopeshe. Akasema, "Mwanangu, pesa sina. Nafasi ya kuchota maji ninayo." Miezi minne nilikaa katikati ya boti na jerikeni iliyokatwa, mgongo ukiuma, nikimwangalia anavyotupa nyavu, anavyonusa upepo, anavyobishana bei na mwenye barafu. Boti ya pili niliipima mwenyewe, mara tatu, kwa futi ya chuma ya yule seremala. Futi 28 na inchi 4. Aliyeniuzia alikasirika kidogo.